Bati la Fulgensi

Mwaka 1956 kampuni moja ya mashine ya kukoboa mpunga ilikuja Ifakara kuuza hisa. Bwana shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, akatoa amri kwamba mwenye nyumba ya nyasi asiuziwe, maana hisa ni jambo gumu na hataelewa. Mwenye bati anaelewa. Kumbe akili hukaa kwenye paa!

Sisi wa kijiji cha Mchombe tulicheka, tukarudi kupalilia. Jirani yangu Fulgensi hakucheka. Huyu ni mtu aliyekuwa akivaa tai kwenda kuvua kambale. Aliuza shamba lake la mbugani, lile ambalo mto huliletea udongo mweusi kila masika, akaezeka bati. Mkewe, Theodosia, alimuuliza, "Baba Kandida, hizo hisa zinapandwa wapi?" Akajibiwa kwamba hilo ni swali la watu wa nyasi.

Karani wa boma alikuja, akatazama paa, akaandika kibali bila kumuuliza Fulgensi hata neno moja. Pesa zote zilizobaki zikaingia kwenye hisa. Mashine ilikoboa msimu mmoja tu, kampuni ikafa.

Sasa mtu na mkewe ni vibarua katika shamba langu, na mimi bado nalala chini ya nyasi. Juzi, tukiwa tunavuna, Fulgensi alianza kuilaumu serikali.

"Wangedai nyumba ya ghorofa," alisema, "mimi ningesalimika."

Theodosia hakuinua hata kichwa. "Ungeniuza mimi ukajenga."