Michezo ya Mkono Mmoja

Falonne Tshilombo anatengeneza simu kwenye meza ndogo karibu na soko la Manika, mjini Kolwezi, chini ya mwavuli ambao vumbi limeupa rangi ya udongo. Si msemaji. Mteja akimwekea kifaa mezani, atakigeuza, atakinusa kama kimeungua, kisha atamwambia aende zake arudi jioni. Wengi humwita fundi tu, na wengine hawajui hata jina lake.

Aliyemtia katika mambo ya mashine ni kaka yake, Mbayo, ingawa Mbayo mwenyewe hakuwahi kushika bisibisi. Walipokuwa wadogo, jirani yao mmoja alikuwa na chumba chenye televisheni mbili na michezo ya video ya kaseti, na wavulana wa mtaa walishinda humo wakipigana mabega kugombea maneti, yaani kile kishikio chenye vitufe. Wasichana hawakuingia. Siku moja Mbayo aliingia na mdogo wake akiwa amemshika mkono. Wavulana wakauliza musichana anatafuta nini humu.

"Anatafuta fasi ya kukaa," Mbayo alijibu. "Sogeeni."

Wakasogea. Tangu hapo Falonne alikaa kwenye benchi lile kila Jumamosi. Kaka yake alitazama mchezo, yeye alitazama kisanduku, akijiuliza ndani yake kuna nini.

Baba yao alipofariki, na mama akamfuata, Mbayo aliacha shule akaenda kuchimba. Alikuwa bado kijana wa ndevu tatu. Aliteremka mashimoni kwa kamba, akapandisha mifuko ya mawe ya kobalti, ili Falonne amalize masomo yake ya kompyuta. Hakulisema jambo hilo kama deni. Akirudi Jumamosi, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, aliuliza tu: "Bamekufundisha nini?" Naye Falonne alimweleza, na Mbayo alisikiliza hadi usingizi ukamchukua akiwa ameketi.

Mwaka juzi, mvua zilipokuwa zimekolea, udongo uliwaangukia. Walikuwa wawili chini, Mbayo na rafiki yake Dady, waliochimba pamoja miaka mingi hata watu wakawadhani ndugu wa tumbo moja. Mbayo alivutwa nje mkono wake wa kulia ukiwa umesagika, na hospitalini wakaukata juu ya kiwiko. Dady hakuvutwa. Wenzao walichimba kumtafuta mpaka shimo likajaa maji, kisha wakafukuzwa na wenye eneo lile, na mashine ikalifukia. Kilio cha Dady kilifanywa bila mwili. Mke wake, Louise, aliweka juu ya kiti shati la mumewe lililopigwa pasi na picha yake ya ubatizo, na watu wakaimba wakielekea kiti.

Mbayo alikuja kuishi kwa Falonne, katika chumba na sebule alivyopanga. Kidonda kilipona, lakini maneno hayakurudi. Alikaa amegeukia ukuta. Ukimpa bukari, yaani ugali, alikula, usipompa hakuomba. Louise alikuja mara moja kumuuliza siku ile ilikuwaje. Mbayo alimtazama, akageuza uso. Louise akasubiri kidogo, akafunga vizuri kitenge chake, akaondoka.

Katika siku hizo mteja mmoja, aliyekuwa akihama mji, alimwachia Falonne kimashine cha michezo kilichokufa, akasema achukue vipuri. Kilikuwa kidogo, kinakaa kiganjani, kimeundwa kufanana na zile mashine kubwa za utotoni mwao. Falonne alikifungua. Waya mmoja tu ulikuwa umekatika. Alipokiwasha aligundua kwamba kuna mtu alishakichezea akili: palikuwa na michezo ambayo kiwandani hawakuiweka, mingine kwa maandishi ya Kijapani, na nafasi ya kutosha kuongeza mingine.

Usiku ule hakumwambia Mbayo kitu. Kesho yake, wateja walipokuwa wachache, alikiunganisha na kompyuta yake kwa kebo, akabana kitufe cha kuanzia upya huku akikiwasha, kama mafundi wenzake wa Lubumbashi walivyomwelekeza kwa simu. Programu ikakitambua. Yale makaseti ya zamani, yaliyojaza kabati zima la jirani yao, sasa yalikuwa mafaili madogo kuliko picha moja ya simu. Falonne alichagua yale aliyojua kaka yake aliyapenda: mpira, mieleka, magari, mapigano. Akaweka kila mchezo na picha yake, akabonyeza, akasubiri mstari wa kijani ufike mwisho. Alitembea kurudi nyumbani haraka, kama mtu aliyebeba chakula cha moto.

Mbayo alipoona picha zile kwenye televisheni, alitabasamu. Falonne hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu ajali. Akamwekea maneti mapajani. Mbayo akaishika kwa mkono wa kushoto, akakimbiza mchezaji wake, na mpira ulipomfikia, kidole chake kikatafuta kitufe cha kupigia upande wa pili, kikachelewa. Akajaribu kuibana maneti kwa magoti. Ikaanguka. Akajaribu tena. Wapinzani wakamfunga goli moja, na la pili. Mbayo akaiweka maneti sakafuni taratibu, akatoka nje, akasimama uani akitazama ukuta wa jirani.

Falonne alibaki peke yake na ule muziki mdogo wa mashine ukipiga. Aliona aibu. Alikuwa amemletea kaka yake michezo ya ile mikono miwili ya zamani, akaiita zawadi.

Hakulala vizuri, lakini hakukata tamaa. Alichukua kipande cha ubao, akaifunga maneti juu yake kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ili isiteleze mtu akiiweka mapajani. Kisha akaanza kutafuta michezo inayongoja: ile ambayo mtu akisita, mashine nayo inasita. Ya kupanga vipande. Ya karata. Ya kuvua samaki. Ya kupanda mahindi na kungoja mvua. Kabla ya kuuweka mchezo wowote, aliukalia mkono wake wa kulia na kuujaribu kwa wa kushoto peke yake. Ukimshinda, aliufuta. Wateja walimkuta hivyo, amekalia mkono, ametoa macho, wakadhani ana maumivu.

"Yaya," alimwambia Mbayo, kama wanavyomwita kwao ndugu mkubwa, alipoleta kimashine mara ya pili, "hizi si zile. Hizi hazikimbizi mutu."

Mbayo aliugeukia tena ukuta. Lakini siku iliyofuata Falonne aliporudi mchana, alimkuta na ubao mapajani, akivua samaki.

Ikawa ndiyo kazi yao. Kila juma Falonne aliongeza michezo miwili mitatu na kuondoa iliyomchosha kaka yake, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, na ukikishindilia sana kimashine hukataa kuwaka. Mbayo alianza kusema neno moja moja. "Hii mugumu." "Hii ya batoto." Falonne aliyapokea maneno hayo kama mtu anayekinga maji ya bomba la mtaa, tone kwa tone.

Mmoja kati ya michezo hiyo uliandikwa Kijapani, na Falonne aliujaribu mwanzo wake tu: kijitu chenye kofia kikitembea kwenye majani. Aliona hauna haraka, akauweka. Hakujua kwamba mbele, kijitu kile huingia ardhini na kuchimba, na ukichimba pabaya, mawe hukiangukia.

Alirudi alasiri moja akamkuta Mbayo anaucheza. Kwenye televisheni jiwe lilishuka, kijitu kikalala chini yake, kikapotea. Halafu kikatokea tena juu, kimesimama kwenye majani. Falonne aliruka kwenda kuzima.

"Acha," Mbayo alisema.

"Yaya, samahani, mi sikujua kama..."

"Acha, Falonne. Ikala."

Falonne akaketi. Mbayo aliendelea kuchimba. Jiwe likashuka tena, kijitu kikarudi tena.

"Uyu anarudia," Mbayo alisema. "Jiwe inamuangukia, anakufa, anarudia. Nimemuua tangu asubuhi, na kila mara anarudia." Akachimba tena, jiwe likashuka. Falonne hakuthubutu hata kupangusa jasho. "Dady alikuwa nyuma yangu. Tulikuwa tunapandisha mufuko ya mwisho. Aliniambia nitangulie, sababu mi njo nilikuwa na njaa. Njo pale udongo ilishuka."

Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, mkono wake ukiwa bado juu ya ubao. Falonne alimkumbatia upande usio na mkono. Alipotulia, Mbayo alisema: "Uniitie Louise."

Louise alikuja Jumapili baada ya ibada, na kanga ya kanisa mabegani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kama mgeni anayehofia kuchelewesha watu. Mbayo alimsimulia yote: mfuko, njaa, maneno ya Dady, giza. Louise alisikiliza bila kukatiza. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Shemeji, aliniita?"

Mbayo alimtazama machoni. "Apana. Ilikuwa mbio sana. Hakusikia kitu."

Louise akashusha pumzi iliyokaa kifuani mwake miezi yote ile. "Basi hakuteseka," alisema. "Aksanti, shemeji. Mungu akulinde."

Falonne, aliyemjua kaka yake kuliko mtu yeyote, alijua kwamba hilo halikuwa kweli. Hakumuuliza kamwe.

Kesho yake Mbayo alimwomba auondoe mchezo ule wa Kijapani. Falonne aliunganisha kebo, akaufuta mbele yake, na Mbayo akaangalia mpaka mstari ukafika mwisho.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini kile kikohozi alichotoka nacho mashimoni, ambacho kila mchimbaji anacho na hakuna anayekihesabu kuwa ugonjwa, kilizidi. Daktari alisema vumbi limekaa mapafuni, akawashauri wamtoe mjini. Shangazi yao alikuwa Mutshatsha, analima mihogo. Mbayo akaenda kwake na kimashine chake, na ubao wake, na betri ya sola ya kuwashia televisheni ndogo.

Huko alipata nafuu kwa muda. Alipiga simu siku mtandao uliporuhusu, na maongezi yao yalikuwa ya michezo.

"Ile ya samaki nimeimaliza," alisema. "Unitumie ingine."

Falonne alimfundisha kwa simu kuchomeka flash nyuma ya kimashine, akawa anamjazia flash michezo na kumpa dereva wa lori. Alikalia mkono wake, akajaribu, akachagua. Katika sauti ya kaka yake alisikia pumzi ikifupika kila mara, kama mtu anayeongea akipanda mlima, naye akachagua michezo mifupi zaidi, inayokwisha kabla mchezaji hajachoka.

Shangazi alipiga simu asubuhi moja, mvua za kwanza zilipoanza. Falonne alikuwa mezani, flash ikiwa kwenye kompyuta, faili zikiendelea kunakiliwa.

"Mwanangu," shangazi alisema, "kaka yako ametuacha."

Falonne alisikia, akasema ndiyo, akauliza saa ngapi, akashukuru. Kisha akaendelea na kazi. Alinakili mchezo wa mwisho, akaweka picha yake, akahakikisha hakuna faili lililoharibika, akaitoa flash kwa utaratibu unaotakiwa. Mwanamke aliyeuza vocha jirani yake alipomuuliza ana nini, ndipo akalaza kichwa mezani.

Louise aliomba kwenda naye Mutshatsha. Walikaa kwenye lori juu ya magunia, wakafunikwa turubai kwa ajili ya mvua, na njia nzima Louise alimshika kiganja. Mbayo alizikwa mchana, nyuma ya kanisa, katika udongo mwekundu uliolowa. Watu walipoanza kutawanyika, Louise alibaki amesimama kando ya kaburi.

"Falonne," alisema, "mi sina kaburi. Utakubali nimulilie Dady hapa?"

Falonne alikubali kwa kichwa. Louise akavua viatu, akapiga magoti kwenye matope, akamwita mumewe kwa jina, kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aliye mbali shambani. Alimweleza habari za nyumba. Alimlaumu. Alimlilia mpaka sauti ikakauka, na Falonne akapiga magoti ubavuni mwake, naye akamlilia wake.

Kimashine alimwachia shangazi, kwa ajili ya watoto wa pale, ambao mikono yao ni mizima na walitaka mpira. Kabla ya kuondoka Falonne aliwawekea michezo ya mpira. Halafu akapanda lori kurudi Kolwezi, kwa kuwa kulikuwa na simu za watu mezani.