Galaksi za Ukingoni

Mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba Ijumaa ijayo ningetetea tasnifu yangu chuoni, na wenzake wa chama cha akina mama walikuwa wameanza kuniombea kwa majina yangu yote matatu. Hakuna aliyejua nasomea nini hasa. Mama aliwaambia nasomea nyota, nami nilikuwa nimechoka kumsahihisha. Nilisomea galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, na nyota moja kwangu ilikuwa kitu kidogo mno cha kunishughulisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Tulikaa Kinoo, nje kidogo ya jiji upande wa magharibi, mimi na Mama, na chuo kilikuwa katikati ya jiji. Asubuhi niliondoka na mawazo yangu, jioni nikarudi nayo yakiwa yameongezeka.

Kila galaksi inaishi ndani ya tonge kubwa la maada ya giza, maada isiyotoa mwanga wowote, ambayo tunaijua kwa uzito wake tu. Wenye fani huliita tonge hilo halo. Wengi waliotutangulia walishikilia kwamba ukishajua uzito wa halo umeshajua galaksi itakayokua ndani yake, mtaa haujalishi. Mimi niliuliza habari za mtaa. Chukua halo mbili zenye uzito sawa, moja ikae penye msongamano kama Kangemi siku ya soko, nyingine ikae peke yake kwenye utupu. Galaksi zao zitafanana kweli?

Hatuwezi kuungoja ulimwengu ukue, kwa hivyo tulitumia ulimwengu wa kuigiza: sanduku la tarakimu lililokokotolewa ng'ambo kwa kompyuta kubwa, likatufikia kwenye diski. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu majirani wa kila halo, kisha kulinganisha zile zenye uzito mmoja. Programu ya kuhesabu sikuiandika mimi. Katika idara yetu programu zilirithiwa kama sweta za shule, mkubwa akimaliza anampa mdogo, na hakuna aliyeigeuza ndani nje kutazama mshono. Hii iliandikwa na msimamizi wangu mwenyewe, Daktari, mzee wa Machakos mwenye sauti ya upole na kalamu nyekundu isiyo na upole hata kidogo.

Programu ilisema jirani hajalishi. Nikaandika hivyo, sura nzima ya hitimisho, lakini nilikuwa naiandika huku nimekunja uso. Kati ya galaksi zilizohesabiwa kuwa pweke kulikuwa na wazee wengi mno: galaksi nyekundu, zilizoishiwa gesi, zisizozaa nyota tena. Msongamano ndio huzipokonya galaksi gesi, kwa hiyo huko upwekeni nilitarajia zile changa, za buluu, ambazo bado zinazaa. Nilipomwambia Daktari, alisema jibu halipatikani kwa kulipenda. Mkataa wengi ni mchawi, nikaiacha sura ilivyo. Lakini sikuridhika.

Wiki ile ya mwisho nilikuwa nimekaa kwenye korido nje ya ofisi yake, nikisubiri amalize kikao. Ukutani palikuwa na ramani ya jiji iliyofifia, niliyokuwa nikiipita kila siku bila kuitazama. Siku hiyo nilitafuta nyumbani. Nikafuata barabara kuelekea magharibi, nikapita Kangemi, nikafika Uthiru, na hapo ramani ikaisha. Baada yake kulikuwa na ukingo mweupe na msumari. Kwa mujibu wa ramani hiyo, watu wa Uthiru wanaishi mwisho wa dunia na hawana wa kuwaazima chumvi upande wa pili. Niliona kama nimetukanwa. Jirani yao ni sisi!

Ndipo nikalikumbuka sanduku la tarakimu.

Sanduku letu halikuwa na ukingo wa kweli. Lilitengenezwa hivi kwamba kinachotoka kwa ukuta wa kushoto kinaingia kwa ukuta wa kulia, kwa hiyo halo iliyo ukutani ina majirani kwenye ukuta ule wa pili. Je, programu ya Daktari ilijua hilo? Niliacha kusubiri, nikashuka kwenye maabara, nikaiambia kompyuta inichoree wale wazee wapweke peke yao. Walikuwa wamejipanga kwenye kuta, pande zote sita, kama wageni wa harusi waliokosa viti. Upweke wao haukuwa wa kweli. Walikuwa wameishi penye msongamano maisha yao yote, ila programu iliwatenga na majirani zao.

Nilikaa pale nikiogopa, nasema wazi. Nikisema, hitimisho langu linaanguka, labda na utetezi unaahirishwa, na Mama atasimama mbele ya kanisa kueleza asichokielewa. Tena nani huenda kumwambia mkubwa kwamba sweta yake ina tundu? Nikinyamaza, napita na uongo. Nikapanda ngazi kabla sijabadili nia; kikao chake kilikuwa kimeisha.

"Daktari, kuna kitu kwa hii programu yako," nikasema. "Zile ziko ukingoni inazihesabu ni kama zinaishi pekee yake. Majirani wa upande ule mwingine haiwaoni."

Aliitazama picha niliyochapisha. Akapandisha miwani juu ya paji la uso, akafuata kuta moja moja kwa kalamu nyekundu.

"Hii niliandikia anga ya ukweli," akasema mwishowe. "Huko picha ya darubini ikiisha, imeisha, huwezi kuhesabu yenye hujaona. Lakini sanduku haina mwisho. Na vile nimewapatia watu wengi hii kitu." Akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Haya, enda urudie. Hiyo Ijumaa wachana nayo, hiyo ni yangu."

Rekebisho lenyewe lilikuwa mistari michache. Kuhesabu upya ndiko kulikochukua Jumamosi nzima, nami nikiombea stima isipotee, kompyuta isizimike, kwa bidii iliyowashinda akina mama wa kanisa. Jioni picha ikatokea kwenye kioo. Wazee walikuwa wamerudi kwenye msongamano wao. Kwenye utupu walibaki vijana wa buluu. Uzito uleule, mtaa tofauti, galaksi tofauti. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilisimama hata nilipoisukuma kila upande. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika mwaka mzima, nikalia kidogo, nikaenda kununua chipsi.

Utetezi ulisogezwa mbele kidogo. Mama aliwaambia kanisani kwamba galaksi zimepatikana zikiwa nyingi kuliko zilivyodhaniwa, jambo ambalo si kweli, na wakaimba. Siku yenyewe mtahini aliniuliza nilianzaje kushuku kuta. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Kinoo. Daktari, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari ya ramani, ndiye peke yake aliyeelewa, akainamisha kichwa kuficha meno.

Tulipotoka, nikiwa nimepita, alinisimamisha kwenye korido. Alikuwa na karatasi nyeupe na gundi. Akaibandika ukutani, ikigusana na ramani pale Uthiru, akanipa ile kalamu nyekundu.

Nikaiendeleza barabara hadi Kinoo. Nikachora kanisa, lango letu, na lango la jirani.