Rangi ya Mlango wa Uani

Waliomuua mdogo wangu ni watatu. Wawili ndio waliotupa baruti ya kuulia samaki. Walivuka mpaka wa Horohoro wakaingia Kenya wiki ileile na sijawaona tena. Wa tatu aliwauzia, na huyo hakuvuka popote, kwa sababu ana duka Makorora. Mlango wa mbele anauza kamba, nyuzi na ndoana. Baruti ilikuwa ikitokea mlango wa uani.

Mdogo wangu alikuwa chini ya maji anafungua dema letu la kutegea samaki lililonasa mwambani, mimi nimeinama ubavuni mwa ngalawa. Yeye alitolewa mzima, hana hata mkwaruzo, amekufa. Mimi nilipoteza sikio la kushoto. Polisi waliniuliza nina ushahidi gani. Nikasema mlango. Wakacheka kwa adabu.

Shule niliishia darasa la nne, lakini mkono wangu unachora. Kwa kuwa siwezi tena kuzamia, nikawa nachora mabango ya vinyozi na mama lishe, mpaka mradi mmoja wa kulinda bahari, wenye ofisi yake Nguvumali, ukanitaka nichore kijitabu cha kuwaonya wavuvi juu ya baruti. Mtu wa kufaa zaidi wangempata wapi? Nilichora kwa brashi na wino mweusi: boti, mwamba, samaki wanaoelea matumbo juu. Kwenye ukurasa ambapo baruti inanunuliwa nikachora mlango. Sikuubuni. Niliutia bawaba zake, ukingo wake, na tundu la mwezi mwandamo lililochongwa juu. Mkuu wa mradi akaupitisha. Kwa wino, mlango ni mlango tu.

Kumbe kazi haijaisha. Picha zangu ziliingizwa kwenye kompyuta, akapewa binti mmoja wa Lushoto, mtoto wa mwinjilisti, azitie rangi. Aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti, halafu akaanza kunionyesha makosa yangu. Ana kalamu isiyo na wino. Anagusa nayo kibao, shati la mtu linajaa rangi papo hapo. Sasa mimi mwisho wa mstari huinua brashi, kwa hiyo michoro yangu ina mianya, na kompyuta haisamehe mwanya. Aligusa shati la mvuvi, bahari nzima ikawa nyekundu.

"Mjomba, mistari yako haifungi," alisema. "Rangi inatoroka."

Nikamwambia asiilaumu rangi, wapo wengine wametoroka wamefika Mombasa. Akacheka bila kuelewa, akaziba mianya yote.

Halafu akawa ananiuliza kila kitu kina rangi gani, maana mtoto wa milimani ngalawa kaiona kwenye kalenda. Nikamjibu moja moja. Tukafika ukurasa ule.

"Na mlango huu?"

Wino haujawahi kuniuliza swali hilo.

"Kijani cha chupa," nikasema. "Ukingo wa njano."

Akagusa mara mbili. Ukasimama pale kwenye kioo kama unavyosimama uchochoroni Makorora, ungedhani ukibisha utafunguliwa.

Nakala ya majaribio ilipelekwa kwenye kikao cha kamati ya kulinda bahari. Sijasema bado kwamba mwenye duka ni mjumbe wa kamati hiyo. Ndiye hufungua kikao kwa dua. Kijitabu kikapita mkono kwa mkono, na walipofika kwenye mlango watu wakaanza kukohoa. Mmoja akacheka, wa pili akafuata, kisha wote wakakoma ghafla, nadhani walikumbuka kwamba kwa mlango ule hakuna aliyewahi kwenda kununua ndoana. Mwenye duka aliutazama sana. Akasema picha ni nzuri, Mungu ambariki mchoraji.

Kesho yake mkuu wa mradi akaniita. Kuna mheshimiwa mmoja ameumia roho, alisema. Nikamwambia mimi nimezika. Akaniambia kwa upole kwamba sina haja ya kuchora upya, siku hizi mambo ni rahisi, akamwelekeza binti aweke bluu ya mradi, ileile ya kibao cha ofisi, mlango mzima na ukingo wake. Binti alinitazama, kisha akagusa. Mlango niliokaa nao kichwani miaka yote hiyo ukageuka kabla sijafumba jicho. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama aliponiuliza kijitabu kimefikia wapi, nikamwambia kimependeza.

Lakini mwenye duka hakungoja ofisi. Ni mtu aliyezoea kumaliza mambo yake mwenyewe, tena uani. Siku zile wajumbe wa kamati walikuwa wamepewa makopo ya bluu ya mradi wakapake boti zilizosajiliwa. Boti zikapata zilichopata, kopo moja likabaki kwake. Ijumaa, baada ya sala, alivua kanzu akaupaka mlango wake kwa mkono wake, ukingo na yote. Mkuu hakumwambia yeye, wala yeye hakumwambia mkuu.

Vijitabu vikaja, vikagawiwa sokoni, pwani na mashuleni. Kile kijani kilikuwa kimechakaa, wakikijua wateja wake tu. Bluu ile ilikuwa mbichi, inang'aa mpaka mwisho wa uchochoro, na ukifungua kitabu ni hiyohiyo, na mwezi mwandamo juu yake. Watoto wakawa wanatoka shule wanapita kuulinganisha.

Mama hajui kusoma. Alifunua kurasa taratibu, akaweka kidole pale, akaniuliza kama ni ule aupitao akienda kwa dada yake Makorora. Nikasema ndio. Kitabu kile kipo chini ya mto wake hadi leo.

Mwenye duka alikuja kwangu mwenyewe, kanzu safi, akasimama upande wangu wa kushoto akawa anaongea. Nikamwambia azunguke aje kwenye sikio zima. Akazunguka.

"Sasa wewe unataka niupake rangi gani?"

"Mlango ni wako, bwana," nikamwambia. "Mimi kazi yangu ni wino. Mambo ya rangi waulize ofisini."