Dereva wa Ambulensi Alipomfuata Mkewe

Mtu aliyenivunja taya ndiye huyo huyo aliyekuwa akinishikia mlango kila asubuhi nikiingia kazini.

Sitanii.

Anaitwa Garth Sundgren, dereva wa ambulensi wa hospitali yetu ndogo, huku Nebraska, Marekani, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Theluji ikianguka, Garth ndiye anawazolea wajane milangoni. Sherehe ya kanisa, Garth ndiye yuko kwenye jiko la nyama. Ukimsema vibaya mbele za watu, unaonekana wewe ndiye una matatizo.

Mimi ni muuguzi, naitwa Lorna.

Mkewe, Corinne, alikuwa mteja wetu. Leo mbavu, kesho kidole, keshokutwa jicho limefura. Na kila akija, eti kapigwa teke na ng'ombe.

"Huyo ng'ombe si mmchinje tu?" nilimuuliza siku moja.

Akainamisha kichwa.

Basi Jumatatu moja asubuhi, Garth kaondoka na ambulensi kwenda kumchukua mgonjwa hospitali kubwa. Hajafika mbali, pikapu ikaingia uwanjani inayumba kama ya mlevi.

Corinne yuko kwenye usukani. Anaendesha kwa mkono mmoja. Ule mwingine unaning'inia, mfupa umechungulia nje.

"Safari hii sio ng'ombe, Lorna," akasema. Damu ilikuwa inamchuruzika mdomoni. "Nimechoka kumsingizia mnyama."

Nikamfungulia mlango wa gari.

Tukamwingiza ndani mimi na Dokta Osterman, mzee wa miaka sabini, daktari pekee tuliye naye. Nikapiga simu polisi. Wakasema wako njiani, lakini polisi wa kaunti yetu "njiani" ni saa nzima. Nikaenda kuificha ile pikapu nyuma ya chumba cha kufulia, nikafunga milango.

"Niitieni mama," Corinne akalia. "Namtaka mama yangu."

Nikampigia mama yake, Bi Verla, na hakuchelewa. Alimkumbatia bintiye wakalia wote hadi na mimi machozi yakanitoka. Alipotoka kwenda koridoni kupumua, Corinne akaanza kusimulia.

Miaka yote ile. Mateke, mkanda, kichwa kusokomezwa kwenye pipa la maji ya ng'ombe.

Dokta akaniambia niandae sindano ya usingizi, aunyooshe ule mkono. Nikaivuta dawa.

Ndipo mlango wa kushushia wagonjwa wa ambulensi ukafunguka.

Jamani, nilisahau kitu kimoja. Garth alikuwa na funguo za hospitali nzima.

Aliingia taratibu, mkononi kashika chuma cha kufungulia matairi.

"Dada Lorna," akasema kwa sauti ile ile ya kila siku. "Pisha. Nazungumza na mke wangu."

"Garth, kijana wangu, weka hicho chuma chini," Dokta akasema.

Garth hakungoja. Chuma kilitua kwenye mkono wa Dokta, nikausikia ukilia *ka!* Mzee akaanguka na meza ya vifaa.

Nikajitupa mbele ya kitanda. Ngumi ikanikuta shavuni. Kinywa kikajaa damu na vipande vya meno.

Niliposikia Corinne anapiga yowe, Garth alikuwa keshamburuta chini kwa nywele. Alimpiga usoni kwa kile chuma. Akarudia.

"Unanitangaza? Mimi?" alikuwa anahema. "Mji mzima huu, unanitangaza mimi?"

Sindano bado ilikuwa mkononi mwangu.

Nikamrukia mgongoni, nikaizamisha pajani mwake kupitia suruali, nikasukuma yote.

Kwenye sinema mtu huanguka papo hapo. Uongo mtupu. Alinibamiza ukutani, akanibamiza tena, mbavu zikaitika. Nikamng'ang'ania shingoni kama kupe. Dokta, mkono umevunjika, akajilaza juu ya Corinne kumkinga.

Kidogo kidogo magoti ya Garth yakaanza kulegea. Akatukana, maneno yakamkwama. Akaanguka, mimi juu yake.

Polisi walitukuta hivyo, wote wanne sakafuni.

Corinne alipona, ila jicho la kushoto halikuona tena. Garth yuko jela na atakaa sana.

Swali likabaki. Nani alimwambia? Gari nililificha, na yeye alitakiwa awe barabarani mbali kabisa.

Polisi walipofungua simu yake, ujumbe ulikuwepo. "Corinne yuko hospitali anakuchongea kwa polisi. Geuza gari, mwanangu, uwahi kuongea na mkeo."

Ulitoka kwa Bi Verla. Mama mzazi.

Alinifuata wodini nilikolazwa. "Nilitaka wayamalize wenyewe, Lorna," akasema. "Garth ni mtu mzuri. Kila mtu anajua."

Taya langu lilikuwa limefungwa kwa waya. Nikamgeuzia mgongo.

Hadi leo wapo wasionisalimia dukani. Eti niliharibu nyumba ya watu.

Ninachokuambia ndugu msomaji ni hiki: mtu akikimbilia kwako akitafuta pa kujificha, usiharakishe kuwaita watu wake, hata kama yeye mwenyewe anawalilia. Mimi siku hizi mgonjwa kama Corinne akiletwa, simuulizi kwanza ndugu zake ni nani.

Namuuliza nani kati yao humtetea anayempiga.