Kibao Kilichoondoka na Bibi

Kibao tulichokiogopa kuliko fimbo kiliondoka shuleni mchana kweupe, kimefungwa kwenye pindo la kanga ya bibi yangu, na mpaka leo sijui kiliishia wapi. Kilikuwa kipande cha mninga chenye kamba ya katani, kikinuka jasho la shingo nyingi na mafuta ya alizeti tuliyojipaka. Nilikuwa kidato cha kwanza, Misigiri. Aliyesikika akisema Kiswahili alivikwa, naye akamvizia mwingine amvike. Kengele ya kutoka ikikukuta nacho, kesho yake unasimama mbele ya paredi na kutunga sentensi ya Kiingereza yenye neno "run", kwa maana ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Ukishindwa, unapiga magoti kwenye kokoto.

Wa kwanza alisema mtu anakimbia, akapona. Waliofuata wakachukua mto unaotiririka, kisha kamasi, kisha injini, kisha barabara iendayo Nzega. Neno lilipungua kila asubuhi kama gunia la mtama wakati wa njaa, nasi tuliobaki tukaogopa kufika chini. Mimi nilikuwa nimeficha maana moja, ya mama yangu anayeendesha duka. Sikumwambia hata rafiki yangu Neema.

Siku hiyo kibao kilikuwa kwa Pili, naye alinifuata kama kivuli mapumziko yote. Ndipo bibi akatokea getini na viazi vitamu vya kuchemsha, akiwa njiani kurudi kwake Kintinku. Akasimama, akangoja nimwamkie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wahenga hawakusema ufanyeje wakuu wanapokuwa wawili.

"Shikamoo, bibi."

Pili alicheka hata sijamaliza. Kamba ikaniingia shingoni.

"Marahaba. Hee, mjukuu wangu, unapelekwa mnadani?"

Akaishika kamba.

"Hata mbuzi wangu siwafungi hivi." Akakivua, akakifunga kwenye kanga, akaenda kupanda basi. Nilitaka kumwita, lakini mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametoka ofisini.

Mwalimu huyo alishatuambia kwamba atakayepoteza kibao atarudishwa nyumbani. Na mama alishaniambia, "Ukirudishwa hata mara moja, utabaki hapa dukani." Usiku ule nilisikia mizani ya duka ikigonga, nikaona maisha yangu yote yakipimwa humo.

Asubuhi mwalimu aliuliza kwa Kiingereza kibao kiko wapi. Pili akaninyooshea kidole. Nikatoka mbele. Katika paredi nzima hakuna aliyejua kueleza kwa Kiingereza alichofanya bibi. Nikasema sentensi pekee niliyokuwa nayo, kwamba mama yangu anaendesha duka. Mwalimu akauliza tena, taratibu zaidi, na utaratibu huo ulitisha kuliko kelele.

"Mwalimu, bibi yake amekichukua!" Alikuwa Neema, kwa Kiswahili kitupu.

Mkono wa mwalimu uliinuka kutafuta cha kumvika, ukabaki hewani.

"Bibi gani?" akauliza, naye kwa Kiswahili.

Sikurudishwa. Kibao kingine hakikuchongwa muhula ule. Bibi alipofariki tulipekua vyombo vyake vyote, hakikuwemo.

Sasa naishi Singida Mjini, na mwanangu amesoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Anakisema vizuri kuliko nilivyowahi kukisema mimi. Wiki iliyopita mama alikuja kututembelea. Mtoto alitazama nyuma, akatazama dirishani, ndipo akasema shikamoo kwa kunong'ona. Nimemuuliza mara mbili shuleni wanavikwa nini.