Saa Moja ya Kutoka Songea

Kwa miaka mingi Evodia alimtetea mumewe mbele ya watu wa Kaengesa kwa neno moja: mbali. Clemens alikuwa Songea akisimamia ghala la mbegu, na Songea, kwa maneno yake mwenyewe, ni kupanda basi mpaka Mbeya, kulala, kupanda jingine, na kushuka miguu imevimba. Hakuja hata siku baba yake mzazi alipozikwa. Hakuja mvua ilipobomoa jiko. Evodia akafukia majani kwenye matuta peke yake, akavuna ulezi peke yake, na mawifi wakinung'unika akawaambia, "Mwacheni, njia ndiyo inayomtesa."

Safari hii ilikuwa lazima aje. Binti yao Victoria alikuwa anaposwa, na wakwe wangefika jioni kusikia neno la baba.

"Siku hizi kuna ndege, mama Victoria," Clemens alisema kwenye simu. "Ni saa moja tu. Msihangaike kunipokea, nitafika mwenyewe."

Evodia hakusoma, lakini saa aliijua. Saa moja ni jua likichomoza. Akaondoka na pikipiki kungali giza, kitenge kipya kiunoni, jogoo mapajani, akafika uwanja wa ndege wa Sumbawanga meno yakigongana kwa baridi. Hapakuwa na mtu ila mlinzi.

"Ndege ya Songea, baba?"

"Mpaka mchana, mama."

"Mume wangu amesema saa moja."

Mlinzi akacheka mpaka akashika ukuta. "Saa moja ni mwendo wake angani! Inaruka kule, saa moja baadaye iko hapa. Asubuhi hii ulitaka kumpokea kunguru?"

Evodia naye akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamsogelea mlinzi. "Imeanza jana hiyo ndege?"

"Jana? Ina muda sasa, mama."

Mchana ulipokaribia, mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, akaketi naye kwenye benchi. Akajitaja kuwa anaitwa Silvana, mkazi wa hapo mjini.

"Nampokea baba watoto, dada. Kila mwezi yuko hapa, na nguo chafu ananibebea nifue!"

"Anatoka wapi?"

"Songea. Clemens wa mbegu. Leo simfaidi, jioni anakwenda Kaengesa kumwoza binti aliyeachiwa na marehemu mkewe."

Evodia alimshika jogoo mpaka akalia. "Huyo marehemu alikufa na nini?"

"Hajawahi kuniambia. Bado inamuuma, maskini."

Ndege ikatua. Clemens akatoka na begi, akawaona wanawake wawili kwenye benchi moja, akasimama kama aliyesahau kutembea.

"Mama Victoria... si nilisema msije?"

Silvana akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Ulisema saa moja," Evodia akajibu. "Marehemu akawahi."

Akamwekea Silvana jogoo mapajani. "Mchinjie. Nilimfuga kwa ajili yake."

Clemens akamfuata mbio mpaka kwenye pikipiki. "Twende wote, mke wangu, wakwe wanangoja! Nani atasema neno la baba?"

"Atalisema kaka yangu Polikarp," Evodia akasema, akipanda. "Wewe pumzika. Kaengesa ni mbali."