Nilinunua mashine ya kupima gari Kariakoo, gari lenyewe nimeliacha Mnazi Mmoja

Wakuu, habari za jioni.

Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Nimepunguza sehemu moja tu, ile ambayo mke wangu alicheka, maana alicheka muda mrefu.

Nina gari dogo la Kijapani, used, lililofika Bongo likiwa limeshamaliza ujana wake huko kwao. Kila nikiliwasha, sauti ya mwanamke inanisemesha Kijapani. Sijui ananiambia nini. Huwa naitikia tu, adabu haigharimu.

Mwezi uliopita taa ya injini iliwaka. Gari likawa linatetemeka kila likisimama sailensa, yaani injini inaunguruma bila gari kwenda, kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta. Wa pili akasema gearbox. Wa tatu alisikiliza injini, akavua kofia, akaniambia nitafute injini nyingine. Huyo ndiye aliyenitisha. Ile kofia.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

"Shemeji, hili gari linakutesa," akasema. "Niachie nikuondolee mzigo. Jumamosi nakuja na mtu, analichukua hivi hivi lilivyo."

Mke wangu alikuwa upande wa kaka yake. Alishachoka kufika kazini Posta akiwa ametikiswa kama chupa ya dawa. Nikaomba nipewe mpaka hiyo Jumamosi. Nisipojua ugonjwa ni nini, gari linaondoka.

Msinicheke. Ndilo gari pekee nililowahi kumiliki, na kwa umri wangu na mshahara wangu, sikuona la pili likija.

Nikaamua kununua mashine ya diagnosis yangu mwenyewe. Mimi ni mtu niliyesoma chuo kikuu, kwa hiyo nilifanya utafiti, yaani nilikaa kwenye kochi nikaangalia video.

Nikagundua kuna za aina mbili. Kuna kidude kidogo unachochomeka chini ya usukani, kikaongea na simu yako kwa bluetooth. Na kuna zile kubwa zenye waya na kioo chake. Nikaona kidogo ndicho cha kisasa. Kubwa nikaziona za wazee.

Sasa, kuingia Kariakoo na gari mchana ni kujitafutia presha, na pa kuegesha hupati. Kwa hiyo nikafanya kama kila mtu anavyofanya. Nikaliacha Mnazi Mmoja, nikatembea. Nikaenda kumchukulia mgonjwa dawa, mgonjwa mwenyewe nimemwacha nje ya hospitali.

Duka nililoingia lilikuwa la mama mmoja wa Rombo, wanamwita Mama Eli.

"Hiki kinasoma gari zote?" nikauliza.

"Zote, kaka. Ya Mjapani, ya Mjerumani. Hata bajaji, ukiibembeleza."

Akatoka nacho nje, akakichomeka kwenye gari jipya la jirani yake. Simu ikajaa namba zinazocheza. Nikalipa huku natabasamu kama bwana harusi.

Nimerudi Mnazi Mmoja, nimechomeka, kimewaka taa ya bluu, simu ikaniandikia imeshindwa kuunganisha. Nikazima simu, nikawasha. Nikazima gari, nikawasha. Yule mwanamke wa Kijapani akanisemesha kila mara. Basi.

(Nilikuja kujua baadaye: gari nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe zina tundu lile lile kama za wengine, ila haziongei lugha moja nazo. Unachomeka vizuri kabisa, halafu kimya.)

Nikarudi dukani. Mama Eli akaninyooshea kidole ukutani, palipoandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi.

"Tatizo simu yako," akasema.

"Simu nzima hii, mama."

"Basi gari yako mbovu."

"Najua ni mbovu. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Wateja wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomuuma. Akamwachia wifi yake duka, akatupia mashine kadhaa kwenye kikapu, akasema, "Twende. Nikiisoma, nisikuone tena."

Wakuu, ukifungua boneti Mnazi Mmoja, umeitisha mkutano wa hadhara. Kabla hajachomeka chochote walishafika watu na maoni yao. Mmoja alisema ni betri. Mwingine alimjibu kwamba yeye kila kitu kwake ni betri.

Kidude kidogo kikagoma hata kwa simu ya Mama Eli. Akachomeka kingine, nacho kikagoma.

"Gari yako ina kiburi," akaniambia.

Mwishoni akatoa moja kubwa yenye waya, boksi lina vumbi, ile ya wazee. Hii ilituuliza kwanza gari ni la kampuni gani na limetoka soko la wapi. Tukachagua Japan. Ikafikiri. Kisha ikaleta code, yaani namba ya ugonjwa, na maelezo: kuna silinda haichomi mafuta.

Watu wakashangilia. Mimi kwa furaha nikabonyeza 'Erase', nikidhani nasafisha kioo tu. Iliandikwa Kiingereza, lugha niliyofanyia mitihani yangu yote.

Code ikafutika. Taa ya injini nayo ikazima.

"Ilikuwa silinda namba ngapi vile?" nikauliza.

"Mbili."

"Nne, nimeona mimi."

"Acheni uongo, tatu."

Mama Eli akanitazama. "Umefuta ugonjwa, kaka. Sasa tunamtibu nini?"

Ikabidi tuendeshe mpaka taa iwake tena. Akapanda mbele na kikapu chake mapajani, tukaingia kwenye foleni ileile niliyoikimbia mwanzo. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwomba Mungu aniwashie taa ya injini. Mama Eli naye nilimsikia chini chini, "Yesu, iwashe tu."

Mtaa wa Msimbazi, katikati ya mikokoteni, gari likaanza kutetemeka na taa ikawaka. Tukapeana mikono. Wa bodaboda aliyekuwa pembeni akatuangalia kama wendawazimu.

Mashine ikasoma tena: silinda namba mbili. Nikapiga picha kabla ya kupumua.

Kilichokufa ni coil ya silinda hiyo, kile kidude cha kupeleka umeme kwenye plagi. Nikaipata kwa wauza spea wa Gerezani, nikafunga mwenyewe, bolti ni moja tu. Mama Eli alikipokea tena kile kidogo, nikamwongezea pesa nikachukua ile ya wazee. Maandishi ya ukutani hakuyataja tena, nami sikumkumbusha.

Jumamosi shemeji akaja na mtu wake. Gari halikuwepo, mke wangu alikuwa ameenda nalo sokoni. Aliporudi, yule mtu akainamia boneti, akasikiliza.

"Ameizima?" akauliza.

"Inaunguruma hiyo," nikamjibu.

Shemeji akamgeukia dada yake. Mke wangu akatia funguo kwenye pochi, akafunga zipu.

"Kaka, chai ipo mezani," akasema. "Gari haiuzwi."

Nilichojifunza: kama gari lako ni la zamani, vumilia foleni, lipeleke lenyewe dukani. Usilipie mpaka uone mashine inasoma namba za gari lako, siyo la jirani wa muuzaji. Uliza kama ina chaguo la soko la Japan. Na code ikija, picha kwanza, furaha baadaye.

Wenye gari za umri huu, semeni ni mashine gani imekubali kwenu na ipi imegoma, ili mwingine asirudi Kariakoo mara mbili. Wa kuniambia niuze, shemeji ameshawawakilisha.